Kitindamlo

Katika Kiswahili sikukuu haisherehekewi tu, huliwa. Jirani akikutana nawe siku chache kabla ya Idi au Krismasi, swali lake ni moja: "Sikukuu mwaka huu utaila wapi?" Haulizi utasali wapi, ingawa yeye mwenyewe hakosi kusali. Anauliza utaila wapi, kana kwamba siku yenyewe imepakuliwa kwenye sinia, na kila mtu anasogea upande wake na kumega tonge lake. Sijui kama pana sifa kubwa kuliko hiyo ambayo lugha inaweza kuipa siku.

Kwa hakika lugha yetu ina tumbo kubwa. Sisi hula kiapo, hula njama, hula hasara, na wasiomcha Mungu hula rushwa. Mtu aliyeishi miaka mingi tunasema amekula chumvi nyingi. Basi ungetazamia kwamba lugha yenye hamu kiasi hicho ingekuwa na neno la zamani la kile chakula kitamu kinacholetwa mwisho wa mlo, wakati sahani za wali zimekwisha kuondolewa na wageni wamelegeza mikanda. Halikuwapo. Ikabidi libuniwe, nalo ni hili: kitindamlo.

Leo nataka kulifanyia neno hili uhakiki, kama vile mtu anavyohakiki shairi. Nalitendea hivyo kwa sababu mbili. Kwanza, ni neno zuri, na maneno mazuri hayapewi heshima ya kuhakikiwa. Tunahakiki riwaya za kurasa mia tatu, na neno moja lenye akili ndani yake tunalipita tu. Pili, daktari wangu amenipunguzia sukari hadi imebaki jina, na mtu aliyenyimwa halua hana budi kuridhika na kuitamka.

Tuanze na sifa. Neno hili limejengwa na fundi. Tangu zamani tunaye kifunguamimba, yaani mtoto wa kwanza, na kitindamimba, yaani wa mwisho, ambaye wengine humwita mziwanda. Tunacho pia kifunguakinywa, chakula cha asubuhi. Mbunaji alitazama safu hiyo, akaona kwamba mlo unafunguliwa lakini haufungwi, akachukua ile "kitinda" ya mtoto wa mwisho akaibandika kwenye mlo. Kutinda ni kukata. Hata Mombasa mchinjaji hutinda mbuzi. Kwa hiyo kitindamlo ni kile kinachoukata mlo, kinachosema: basi, imetosha.

Lakini uzuri wa neno uko kwenye ukoo wake. Ukilisikia kitindamlo, nyuma yake unamsikia kitindamimba, na mfano unakaa sawasawa. Mtoto wa mwisho huja wakati wazazi wamechoka kukemea. Ni mdogo kuliko wenzake lakini hupewa kilicho bora. Wakubwa zake walifunzwa kazi, yeye alifunzwa kudeka. Hana faida kubwa shambani, na akikosekana nyumba nzima hupooza. Je, hii si picha ya bakuli la matamu mwisho wa mlo? Wali na maharage ndio waliotuvusha siku. Haya yamekuja kudekezwa tu. Neno moja limesema yote hayo bila kutumia hata kivumishi.

Nilipata kuushuhudia ukoo huo ukifanya kazi darasani. Nilikuwa nimekwenda kumkagua mwanachuo wetu katika mazoezi ya kufundisha, somo la Kiswahili, msamiati wa vyakula. Aliandika ubaoni kifunguakinywa, akaeleza. Akaandika kitindamlo, akaeleza kwa haraka kwa kuwa mkaguzi alikuwa nyuma ya darasa. Kisha akauliza, "Nani ataniambia, kwao kitindamlo ni nini?" Mtoto mmoja wa kiume akasimama kwa adabu akasema, "Kwetu ni mdogo wangu, mwalimu, lakini hatumli."

Darasa lilicheka, na mwanachuo akajiona ameaibika. Mimi nilimpa alama nzuri. Mtoto yule hakukosea kusikia; alisikia vizuri kuliko sisi. Alikwenda moja kwa moja kwenye shina la neno, akamkuta mdogo wake amekaa pale. Tena jibu lake lilikuwa na ukweli wa pili, ambao ndio unaonipeleka kwenye upande wa lawama: nyumbani kwao hapakuwa na kitu kingine cha kukitaja. Mlo wao haukuwa na mkia wa sukari.

Hapa ndipo ninapogombana na neno ninalolipenda. Kitindamlo kinadai kwamba utamu mahali pake ni mwisho. Hebu tuulize meza zetu wenyewe kama ni kweli.

Chukua mwezi wa Ramadhani pwani. Jua likizama, kitu cha kwanza kuingia kinywani ni tende. Baada ya tende huja uji, na futari yenyewe: tambi zilizopikwa kwa sukari na iliki, ndizi mbivu za nazi, viazi vitamu, na kando yake muhogo au kunde. Utamu umetangulia mbele kama mpiga zumari wa harusi. Neno futari na lile Fitri la Idi ya Fitri yametoka katika shina moja la Kiarabu, la kufungua saumu. Basi kwa mujibu wa lugha na kwa mujibu wa sahani, utamu hapa ni kifunguamimba.

Chukua halua. Hupikwa kwa wanga, sukari, samli, iliki na zafarani, na kazi yake kubwa ni kukoroga: mpishi husimama juu ya sufuria pana kwa saa nyingi na mwiko mrefu kama kasia, maana akipumzika inashika chini. Unguja, Pemba, Mombasa na Lamu wanaijua, na Oman, tulikoshirikiana nao katika upishi huo, wanaijua vilevile. Lakini halua haiji kutinda mlo wa mtu. Huja na kahawa chungu, katika vikombe visivyo na mkono, mgeni anapoingia, au harusini, au asubuhi ya Idi. Mwenzake si wali, ni uchungu wa kahawa. Ndivyo ilivyo kashata ya nazi au ya njugu barazani: unauma kidogo, unapiga funda la kahawa, unaendelea na mabishano ya siasa. Utamu na uchungu hukaa mkeka mmoja, na kila mmoja humtia adabu mwenziwe.

Chukua hata pilau. Wapo wengi pwani wanaoila pamoja na ndizi mbivu, tonge la pilau na kipande cha ndizi, bila kungoja ruhusa ya mtu. Utamu umeingia katikati ya mlo na hakuna aliyeshtuka.

Nitasema kweli: upande wa pili nao una hoja. Katika nyumba nyingi embe, papai au chungwa huletwa baada ya chakula, na tunda hukatwa kwa kisu, hivyo maana ya kutinda inapatikana mara mbili. Hotelini pia, ambako mlo una ngazi kama jukwaa, neno hili lina kazi halali. Sitaki lifukuzwe. Ninachokataa ni kulipa mamlaka lisilostahili. Mwalimu akimwambia mtoto wa Pemba, "Taja kitindamlo cha Idi," naye akitarajia jibu la halua, amemfundisha mtoto neno moja na kumsahaulisha utaratibu mzima wa nyumbani kwao. Neno la chakula hubeba sahani, na sahani hubeba saa yake. Ukibadilisha saa umebadilisha zaidi ya neno.

Tazama jinsi wapishi wetu wa zamani walivyoyaita mambo yao. Hawakujali chakula kinakaa wapi katika mlo, walijali kimetendwaje. Mkate wa kumimina umemiminwa. Mkate wa kusukuma, ambao wengi siku hizi huuita chapati, umesukumwa. Mkate wa sinia umechukua jina la chombo chake, na mkate wa mofa umechukua la tanuri. Maandazi yana kuandaa ndani yake. Hayo ni majina ya watu waliokuwa jikoni. Kitindamlo ni jina la mtu aliyekuwa mezani, amekaa, anangoja kuletewa. Sisemi hivyo kwa kumcheka. Watu wa mezani nao wana haki ya kubuni maneno. Lakini ni vizuri tujue neno limetoka chumba gani.

Na jikoni ndiko kwenye mizaha bora. Huko mbuzi hali majani, bali hukaliwa na mtu akikuna nazi. Tambi huliwa, na tambi hutiwa taani zikawaka, nazo zote mbili ni za usiku. Mkate wa ufuta haujawahi kufuta ubao, ingawa nimewaambia wanafunzi hivyo kila mwaka nao wakanicheka kila mwaka, wengine kwa huruma. Wale watu wa Liwale wale wali wao: sentensi hiyo mtoto akiisema mbio mara tatu bila kuteleza, amejifunza viambishi vizuri kuliko kwa jedwali langu lolote. Bibi zetu hawakusoma isimu, ila walijua kwamba neno, kama nazi, lina maji ndani, na raha yake ni kulitikisa kwanza.

Sasa niingie kwenye methali, maana hapo uhakiki wangu unapata meno. Methali zetu zinajua utamu vizuri sana, na hazijawahi kuutoa bure. Fuata nyuki ule asali: utamu una safari na una miiba. Mvumilivu hula mbivu: utamu una muda wake. Maneno matamu humtoa nyoka pangoni: utamu una nguvu, lakini umesikia nani anatoka. Katika kila moja pana bei iliyoandikwa, na msikilizaji anaiona kabla hajalamba kidole.

Ziko mbili zinazofanana, nami hupenda kuzipambanisha. Moja husema: mchovya asali hachovyi mara moja. Nyingine husema: chovya chovya yamaliza buyu la asali. Ya kwanza ni nzuri. Inakijua kidole na inaujua ulimi. Lakini inaishia kwenye tabia ya mtu, tena kwa tabasamu, kama mzazi anayemwona mtoto jikoni akajifanya hakumwona. Ya pili ni bora. Imeacha kukitazama kidole ikalitazama buyu. Sauti yenyewe, chovya chovya, ni ndogo na ya mchezo, haina kosa lolote; ila mwisho wa sentensi buyu ni tupu, na hatukuambiwa ni siku gani lilikwisha. Hakuna aliyelimaliza. Limemalizwa na kuchovya.

Hapo ndipo kitindamlo kinaposhindwa mbele ya methali. Kimeupa utamu kiti cha kudumu. Kama kila mlo hauna budi kutindwa, basi utamu utakuja kila siku, mchana na jioni, bila nyuki, bila kungoja, bila mgeni kuingia. Neno limeondoa bei.

Wapo wasomaji wanaokumbuka miaka ya mwanzo ya 1980 hapa Tanzania, sukari ilipokuwa bidhaa ya foleni na ya mgawo. Sitaki kuusifia uhaba. Aliyepanga foleni tangu alfajiri akaambiwa imekwisha hawezi kuusifia. Lakini kilo iliyopatikana ilifungwa ikawekwa juu ya kabati, na kila mtu nyumbani alijua ni ya sikukuu. Chai ilinyweka kavu au kwa kuuma kipande cha muhogo, na ile kilo ilikaa pale ikingojewa. Ilipofika siku, visheti na vileja vilikuwa na ladha ambayo haikutoka kwenye sukari peke yake. Ilitoka kwenye kungoja. Vivyo hivyo kwa wenzetu wa bara kule Kenya, ambako watoto wengi walizijua chapati kama chakula cha Krismasi: harufu ya mafuta kwenye kikaango ilikuwa kalenda tosha.

Leo soda ya mililita 300 ina sukari ya vijiko vya chai 8 hivi, na inauzwa kando ya barabara kila siku ya Mungu. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2015 kwamba sukari ya kuongezwa isizidi sehemu moja ya kumi ya nguvu yote tunayoipata katika chakula, ambayo kwa mtu mzima wa kawaida ni kama vijiko 12 kwa siku, na ni bora zaidi ikishuka hadi 6. Hesabu vijiko vya chai ya asubuhi, ongeza soda moja, na utaona kwamba wengi wetu tunakula sikukuu kila Jumanne.

Na lugha, ambayo haisahau, imekwisha kutuandikia. Sokoni ipo ndizi ndogo, tamu, nyembamba ngozi, inayoitwa kisukari. Hospitalini upo ugonjwa unaoitwa kisukari. Jina ni lile lile, na kiambishi ni kile kile. Mzaha huu si wetu peke yetu. Jina la kitaalamu la ugonjwa huo lina neno la Kilatini, mellitus, maana yake tamu kama asali. Na waganga wa kale wa India waliuita mkojo wa asali, kwa kuwa waliona sisimizi wakiufuata. Ulimwengu mzima uliuonja ugonjwa huu kwa neno tamu. Madaktari husema hauletwi na sukari peke yake. Ukoo, unene na kukaa bila kutembea vina sehemu yao. Hata hivyo, mtu akiwa kwenye benchi la kliniki na kikaratasi chake mkononi, muuza ndizi akapita dirishani akinadi "kisukari, kisukari," watu wa benchi zima hugeuka, kisha hutazamana, kisha hucheka. Nimekuwamo katika benchi hilo. Ni kicheko kizuri, na hakina furaha yote ndani yake.

Je, hukumu yangu ni ipi? Nalipa neno kitindamlo alama ya juu kwa ujenzi, ya juu zaidi kwa mzaha, na ya wastani kwa ukweli. Litumike hotelini, litumike kwa embe na papai, liwekwe katika vitabu vya shule. Lakini pembeni yake mwalimu aandike pia futari, kahawa na halua, mkono wa Idi, na sikukuu inayoliwa, ili mtoto ajue kwamba kwao utamu ulikuwa na siku na wenzake, na haukuwa mkia wa kila sahani. Sitaki wajukuu wetu waache vileja. Nataka waendelee kuvingoja.

Mwenyewe bado naila sikukuu. Asubuhi ya Idi huletewa kipande cha halua kisichozidi ukucha wa kidole gumba, nacho nakila taratibu, kwa kahawa chungu, kwa muda ambao zamani ningemaliza sahani. Wajukuu hunitazama kwa subira, maana wanajua baada yake nitawauliza fumbo. La mwaka jana lilikuwa hili: kwa nini Waswahili husema mzee amekula chumvi nyingi, wala hawasemi amekula sukari nyingi? Mkubwa alijibu kwamba chumvi huhifadhi samaki. Wa kati akasema sukari ilikuwa ghali. Mdogo wao, kitindamimba wa mwanangu, akafikiri sana, akanitazama kikombe na kisahani changu kilicho kitupu, akasema, "Kwa sababu aliyekula sukari nyingi hakufika kuwa mzee."

Nimempa alama zote. Nikamkumbusha tu kwamba daktari amenikataza na chumvi pia.